Usingizi wa Dawa kwa Ng'ombe, na Kazi ya Kumlinda Mnyama Aliyelazwa

Watu wengi hudhani kwamba kumlaza mnyama kwa dawa ni kama kuzima taa: daktari huizima, hufanya kazi yake, kisha huiwasha tena. Dhana hiyo si ya kweli, nayo huweza kumtia mfugaji hasara kubwa. Mnyama aliyelazwa kwa dawa amenyang'anywa kwa muda nguvu zake za kujilinda. Hawezi kugeuka akikosa pumzi, hawezi kumeza mate yake vema, wala hawezi kulia akiumia. Basi kumlaza ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kumwangalia tangu sindano ya kwanza mpaka asimame mwenyewe kwa miguu yake minne. Na nusu hiyo yaweza kufanywa hata pasipo mitambo ya thamani, maadam pana macho, vidole, saa, na mtu asiyeondoka.

Katika habari hii twataka kuwaeleza wazee wa vijiji, walimu na wafugaji wa Lupepo, na wa wilaya nzima ya Rungwe, misingi ya kazi hiyo. Hatuandiki ili kila mtu ajifanye daktari na kununua dawa dukani. Twaandika ili mwenye ng'ombe ajue ni jambo gani analofanyiwa mnyama wake, ajue kumtayarisha, na ajue kumsaidia daktari wa mifugo saa ile ambayo mikono ya daktari imeshika kisu.

Thamani ya ng'ombe mmoja

Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na majani mabichi, na kwa hiyo tangu zamani imekuwa nchi ya ng'ombe. Wazee wa Kinyakyusa waliwaweka ng'ombe ndani ya nyumba zao, na mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe. Siku hizi mambo yamegeuka. Nyumba nyingi hazina kundi, bali zina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, waliochanganyika damu na ng'ombe wa Ulaya, nao hufugwa bandani na kukatiwa majani. Maziwa yao hununua sabuni, chumvi na madaftari ya watoto. Wengine wamepewa mtamba kwa mpango wa kukopeshana, ambao mtu hulipa deni lake kwa kumtoa ndama jike wa kwanza apewe jirani. Basi ng'ombe wa namna hiyo akifa, msiba si wa nyumba moja tu, maana hata jirani aliyekuwa akimngoja ndama amepoteza.

Na haja ya kisu haikosi kutokea. Ng'ombe mdogo wa kienyeji aliyepandishwa kwa mbegu ya fahali mkubwa huenda akashindwa kuzaa kwa kuwa ndama ni mkubwa kuliko njia. Mwingine humeza mfuko wa plastiki au kipande cha waya. Chuchu hupasuka kwa kukanyagwa, jipu huota shingoni, na pembe za ndama zapasa kuondolewa kabla hazijawa silaha. Kila moja katika kazi hizi huleta maumivu, na maumivu hayo yapasa kuzuiwa.

Dawa hizi zilivyopatikana

Hapo kale njia ilikuwa moja: kamba, na watu wenye nguvu. Mnyama aliangushwa, akafungwa, akakatwa hali akijua kila kitu. Wanadamu nao walipasuliwa vivyo hivyo. Mwaka 1846, katika hospitali ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na uvimbe wa shingoni ukakatwa pasipo kelele. Mwaka 1847 James Young Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu kwa wanawake waliokuwa wakizaa. Habari zikaenea upesi, na madaktari wa wanyama wakazijaribu dawa hizo kwa farasi na mbwa.

Lakini furaha hiyo ilichanganyika na msiba. Mwezi Januari 1848, miezi michache tu baada ya klorofomu kujulikana, msichana wa Kiingereza aliyeitwa Hannah Greener, mwenye umri wa miaka 15, alivutishwa dawa hiyo ili aondolewe ukucha wa mguu, akafa baada ya dakika chache. Hakuuawa na kisu, maana kazi ilikuwa ndogo sana. Kifo hicho kiliwafundisha madaktari kwamba dawa ya usingizi ina hatari yake yenyewe, mbali na hatari ya kisu. Ndiyo maana Joseph Clover, daktari wa London aliyesifiwa sana kwa kazi hii, alishika desturi ya kutoondoa kidole chake juu ya mshipa wa mgonjwa muda wote wa usingizi. Mitambo ya hospitali za leo, yenye taa na milio, hufanya kazi ile ile ya kidole cha Clover.

Baadaye zikaja dawa za ganzi. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini ikitiwa jichoni huondoa maumivu mahali hapo tu, na mtu akabaki macho. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lidokeini, ambayo wengine huiita lignokeini, nayo hata leo ndiyo dawa ya ganzi itumiwayo sana kwa ng'ombe. Mwaka 1962 ikapatikana huko Ujerumani zailazini, dawa ya kumtuliza mnyama, na mwaka huo huo ketamini huko Marekani.

Sheria nazo zikafuata. Uingereza ilitunga sheria ya dawa za ganzi na usingizi kwa wanyama mwaka 1919. Katika Tanzania, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliweka Baraza la Veterinari, ambalo huandikisha madaktari wa mifugo, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hukataza kumtesa mnyama pasipo sababu ya haki.

Namna tatu za dawa

Yafaa tutofautishe namna tatu, kwa kuwa watu huzichanganya.

Namna ya kwanza ni ganzi. Maumivu husafiri kutoka jerahani mpaka ubongoni kwa njia ya mishipa ya fahamu, kama tarishi achukuaye barua. Dawa ya ganzi huifunga njia. Jeraha lipo, barua imeandikwa, lakini haifiki. Mnyama yu macho, amesimama, anapumua na kumeza kama kawaida.

Namna ya pili ni kutuliza. Dawa huingia katika damu na kufika ubongoni, na mnyama husinzia, huinamisha kichwa, hutoa mate, na pengine hulala chini. Lakini huyu hajalala kabisa, na akikatwa aweza kusikia maumivu. Kwa hiyo dawa ya kutuliza pekee haitoshi kwa kisu, haina budi kuandamana na ganzi.

Namna ya tatu ni usingizi kamili. Hapo mnyama hajui lolote, misuli yake imelegea, na pumzi yake yategemea uangalifu wa daktari. Kwa mbwa na paka namna hii ni ya kila siku. Kwa ng'ombe mkubwa ni kazi ya hospitali ya wanyama, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Morogoro, na kijijini haifanywi ila kwa haja kubwa.

Kwa nini ng'ombe si kama mtu

Msomaji ataka kujua kwa nini tunaogopa kumlaza ng'ombe kuliko mbwa. Sababu ni tumbo lake. Ng'ombe ana tumbo kuu upande wa kushoto, ambalo ni kama pipa la kuchachusha majani. Ndani yake hewa hutengenezwa usiku na mchana, naye huitoa kwa kubeua. Tena hutoa mate mengi mno, zaidi ya lita 100 kwa siku, akiyameza yote pasipo sisi kuona.

Basi mlaze ng'ombe huyo ubavuni, kisha mambo matatu hutokea. Kwanza, hawezi kubeua, hewa hujaa, na tumbo huvimba kama ngoma. Pili, tumbo hilo zito huyasukuma mapafu, na pumzi huwa fupi. Tatu, mate na chakula kilichorudi kutoka tumboni huingia katika koo la hewa badala ya kutoka nje, na kidogo tu kikifika mapafuni, mnyama aweza kufa siku ile ile au baada ya siku chache kwa ugonjwa wa mapafu.

Kwa ajili hiyo kanuni ya kwanza kwa ng'ombe ni hii: kazi iwezayo kufanywa amesimama, kwa ganzi, isifanywe amelala. Hata kumpasua ubavu ili kumtoa ndama hufanywa mara nyingi ng'ombe akiwa amesimama, macho wazi.

Kila mnyama ana desturi yake, nasi twapenda kutoa mfano wa mbugani. Katika miaka ya 1960 daktari wa wanyama Toni Harthoorn, aliyefanya kazi katika Afrika Mashariki, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwalaza vifaru na tembo kwa mshale wenye dawa kali iitwayo etofini. Hata leo, tembo wa Serengeti wakitakiwa kuvishwa mkanda wa kuonyesha njia zao, hulazwa kwa namna hiyo. Ng'ombe aliyelala hupendezwa kuwekwa kifuani, miguu imekunjwa chini yake, ili abeue. Tembo akianguka kifuani huwa hatarini upesi, maana uzito wake huyabana mapafu, na watu hukimbilia kumvuta kwa kamba ili alale ubavuni. Kisha mtu mmoja huwekwa kwenye ncha ya mkonga, kazi yake ni kuuweka wazi na kuhesabu pumzi, na mwingine humwagia masikio maji asipatwe na joto. Kanuni ya kumweka ni kinyume cha ile ya ng'ombe, lakini kazi ya mlinzi ni ile ile.

Matayarisho ya mwenye ng'ombe

Mambo mengi mabaya ya saa ya kazi huanzia siku iliyotangulia. Daktari akitoa miadi, mwenye ng'ombe ana haya ya kufanya.

Kwanza, njaa. Ng'ombe mzima atakayelazwa asipewe majani kwa muda wa saa 18 hadi 24, wala maji kwa saa 8 hadi 12, ili tumbo lipungue. Afichwe pia asifikie matandiko ya bandani, kwa maana ng'ombe mwenye njaa hula hata hayo. Lakini ndama anyonyaye hafungishwi hivyo, kwa kuwa sukari ya damu yake hupungua upesi, naye huweza kudhoofika. Kwa ndama, mwulize daktari. Na jambo likiwa la ghafla, kama ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, usingoje njaa, mwite daktari mara moja.

Pili, uzito. Dawa zote hupimwa kwa kilo. Pasipo mizani, hutumika utepe wa kuzungushia kifua nyuma ya miguu ya mbele, ambao huonyesha uzito kwa kadiri. Kukisia kwa macho kumewadanganya hata watu wenye ujuzi.

Tatu, kusema kweli. Mwambie daktari kama ng'ombe ana mimba na ya miezi mingapi, kama alikohoa, kama alipewa dawa nyingine wiki ile, hata kama dawa hiyo ulipewa na mtu asiye daktari. Zailazini huamsha tumbo la uzazi, na katika miezi ya mwisho ya mimba yaweza kuitoa. Daktari asiyejua mimba hawezi kuilinda.

Nne, mahali. Pawe na kivuli, pasipo mteremko wala mawe, na pawe na magunia yaliyojazwa majani makavu ya kumwegemeza. Watu wachache walio watulivu ni bora kuliko umati. Ng'ombe aliyetishwa na kukimbizwa huhitaji dawa nyingi zaidi, na dawa nyingi zaidi ni hatari zaidi.

Tano, hesabu ya mwanzo. Kabla ya sindano yo yote, mnyama akiwa ametulia, hesabu pumzi zake na mapigo ya moyo wake kwa dakika moja, uandike. Hesabu hiyo ndiyo kipimo utakacholinganisha nacho mambo yote yatakayofuata. Mtu asiyejua ng'ombe wake hupumua vipi akiwa mzima, atajuaje kwamba sasa anapumua vibaya?

Ganzi na hesabu yake

Kwa pembe, daktari huchoma sindano katikati ya pembe ya jicho na shina la pembe, chini ya ukingo wa mfupa, mahali upitapo mshipa wa fahamu wa pembe. Kisha hungoja, kwa kawaida dakika 10, naye huijaribu ngozi kwa ncha ya sindano kabla ya kukata. Kungoja huku ndiko watu wasikokupenda. Huona daktari amekaa tu, wakadhani anapoteza wakati. La, anangoja njia ifungwe. Afadhali zaidi pembe ziondolewe ndama akiwa hajatimiza miezi 2, maana vichipukizi havijashikana na fuvu, na jeraha huwa dogo.

Kwa kazi ya mkia na njia ya uzazi, dawa kidogo hutiwa kwenye kiungo cha shina la mkia. Kwa ng'ombe mkubwa mililita 5 hivi hutosha. Mkia hulegea kama kamba, na ng'ombe huacha kusukuma. Dawa ikizidi, hupanda mbele na kuilegeza miguu ya nyuma, na ng'ombe huanguka. Kwa kazi ya ubavu, daktari huifunga mishipa mitatu itokayo kando ya uti wa mgongo, karibu na ubavu wa mwisho. Dalili ya kwamba imefungwa ni ngozi ya upande ule kuwa na joto na ng'ombe kutoshtuka akichomwa.

Walimu wataona kwamba hapa pana hesabu nzuri ya kuwapa wanafunzi. Lidokeini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika kila mililita. Mbuzi ni mwepesi kudhurika nayo, na madaktari wengi hawapendi kuzidisha miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwana-mbuzi wa kilo 5 basi mwisho wake ni miligramu 20, yaani mililita 1 tu kwa pembe zote mbili. Mtu akimpa kama alivyoona ng'ombe akipewa, mililita 5 kwa kila pembe, amempa mara kumi. Mwana-mbuzi huyo hutetemeka, hushikwa na degedege, akafa, na watu husema amekufa kwa uchungu wa pembe. Kumbe ameuawa na hesabu. Daktari akihitaji maji mengi zaidi ya kueneza, huizimua dawa kwa maji safi ya sindano, asiongeze dawa yenyewe.

Hatari ya zailazini

Dawa hii ya kutuliza ni msaada mkubwa, lakini ina mitego miwili ambayo twataka kila mtu aijue. Mtego wa kwanza: ng'ombe huilewa kwa kadiri ya sehemu moja ya kumi ya ile itumiwayo kwa farasi. Aliyezoea farasi au punda, akiipima vivyo hivyo kwa ng'ombe, humwua. Mtego wa pili: dawa hii huuzwa kwa nguvu mbili, chupa yenye miligramu 20 katika mililita, na chupa yenye miligramu 100. Macho hayazitofautishi, maandishi ya chupa ndiyo huzitofautisha. Ndiyo sababu twasema kwamba mtu asiyesoma chupa asishike sindano, na aliyesoma asome mara mbili.

Tena dawa hii hupunguza mapigo ya moyo na pumzi, huliacha tumbo pasipo kujongea hata likavimba, na humfanya ng'ombe akojoe sana. Kwa kondoo huweza kuyadhuru mapafu. Ipo dawa ya kuizindua, iitwayo atipamezoli, na ni halali yako kumwuliza daktari kama anayo kabla hajaanza.

Kazi ya mlinzi

Sasa twafika kwenye kiini cha habari yetu. Mchagueni mtu mmoja awe mlinzi. Asishike kamba, asishike taa, asizungumze na watazamaji. Kazi yake ni kuangalia mambo sita, na kila baada ya dakika 5 kuyaandika katika daftari pamoja na saa. Kijana wa darasa la saba ajuaye kusoma saa aweza kuifanya vema.

La kwanza ni pumzi. Tazama ubavu ukipanda na kushuka, na weka kiganja mbele ya pua usikie hewa. Usitosheke na ubavu peke yake, kwa maana koo likizibwa ubavu waweza kuendelea kujongea na hewa isipite. Ng'ombe mzima aliyetulia hupumua kadiri ya mara 15 hadi 35 kwa dakika. Pumzi zikishuka chini ya 8, au zikikatika, au zikiwa na mkoromo, sema mara ile.

La pili ni rangi. Fungua mdomo uone ufizi. Rangi ya waridi ni njema, nyeupe yaonyesha damu imepungua au haizunguki vema, na ya samawati yaonyesha mnyama amekosa hewa safi. Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Rangi yapasa kurudi kabla ya sekunde 2 kupita. Ng'ombe wengi wana ufizi mweusi. Kwa hao tazama ndani ya kope la chini.

La tatu ni mapigo. Shika mshipa ulio chini ya mkia, karibu na shina, au ule upitao ukingoni mwa taya. Hesabu nusu dakika, uzidishe kwa mbili. Ng'ombe mzima huwa na mapigo kama 50 hadi 80. Chini ya 40, au mapigo yaliyo hafifu kama uzi, mwambie daktari.

La nne ni jicho. Gusa taratibu pembe ya kope. Mnyama aliyetulizwa hupepesa, na katika usingizi mzito hupepesa kidogo sana au haipepesi kabisa. Ng'ombe aliyelala kwa mvuke wa dawa, jicho lake huzunguka kutazama chini, na usingizi ukizidi hurudi katikati. Jicho lililo katikati, lenye mboni pana, lisilojibu lo lote, ni jicho la hatari. Lakini jihadharini na ketamini, maana nayo macho hubaki wazi na dalili hizi hudanganya. Macho hayo yapakwe marhamu yasikauke.

La tano ni tumbo. Weka mkono juu ya shimo la ubavu wa kushoto. Likijaa na kulia kama ngoma, mnyama ageuzwe kifuani mara moja na kuegemezwa kwa magunia, na daktari apitishe mpira wa kutolea hewa. Kichwa kiwekwe hivi: koo juu ya gunia, mdomo chini, ili mate yamwagike nje.

La sita ni joto. Joto la ng'ombe mzima ni nyuzi 38 hadi 39 na nusu. Aliyelazwa hupoteza joto, na katika baridi ya Rungwe ya mwezi Juni na Julai, ndama aliyelowa juu ya sakafu hupoa upesi. Mfunike, umlaze juu ya majani makavu.

Mlinzi asione haya kusema. Akiona jambo baya aseme kwa sauti, hata kama ni mdogo kuliko wote waliopo. Na wakubwa wasimkemee, kwa maana amewekwa hapo ili aseme.

Mpaka asimame

Kazi ikiisha, watu hunawa, daktari hukusanya vyombo, na kila mtu hugeuka kwenda zake. Hapo ndipo hatari huingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa dawa ingali katika damu na mlinzi ameondoka. Twasema tena: mlinzi asiondoke. Mnyama awekwe kifuani, mdomo chini. Ng'ombe mzito aliyelala ubavuni muda mrefu apewe mto mnene begani, na mguu wa mbele ulio chini uvutwe mbele, usije ukafa ganzi kwa uzito wake mwenyewe akashindwa kusimama. Asilazimishwe kuinuka kwa fimbo. Asipewe maji wala majani mpaka asimame imara na kumeza vema, maana anayesinzia hunywea mapafuni. Aliyelewa asiachwe karibu na mfereji wala na ng'ombe wenzake watakaompiga pembe.

Mwisho, maziwa. Uliza ni siku ngapi maziwa yake yasinywewe wala kupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia, uandike siku hiyo ukutani mwa banda. Mtoto anywaye maziwa hayo hakupimiwa dawa hiyo.

Basi, ndugu wasomaji, wazee wa vijiji twawaomba wawatambulishe watu wao kwa madaktari wa mifugo walioandikishwa, na wawakataze wale wapitao na sindano mfukoni wasiojua wanachochoma. Walimu twawaomba wawafundishe watoto kuhesabu pumzi na mapigo ya ng'ombe walio wazima, kila mtoto kwa ng'ombe wa kwao, ili hesabu hizo zijulikane kabla ya haja. Na kila mwenye ng'ombe, siku daktari atakapofika, asiulize tu, "Dawa itamlaza kwa saa ngapi?" Aulize pia, "Nani atakayekaa naye mpaka asimame?" Jibu likikosekana, kazi isianze.